Gauni la Chiriku

Ndugu waombolezaji, nimepewa kazi ya kusoma maisha ya dada yangu, mimi kitinda mimba ambaye yeye alinibeba mgongoni, basi mnivumilie.

Dada alizaliwa tarehe 14 Machi 1921, katika vyumba viwili nyuma ya karakana ya baba yetu, fundi seremala, akasoma kuanzia 1930 hadi 1934, alipoachishwa shule ili amsaidie mama, jambo ambalo hakuacha kumkumbusha baba mpaka mzee anaingia kaburini. Mwaka 1938 aliajiriwa na studio ya picha, kazi yake ikiwa kupaka rangi, kwani enzi hizo picha zote zilitoka nyeusi na nyeupe, naye kwa pamba na brashi nyembamba aliwarudishia maharusi wekundu wa midomo yao, na jamani, dada alikuwa na mkono.

Tarehe 6 Septemba 1941 alifunga ndoa na mpiga picha wa studio hiyo, shemeji yetu huyu aliyekaa mbele, wakajaliwa mtoto mmoja tu, binti aliyezaliwa tarehe 20 Aprili 1946, ambaye kwa maneno yake mengi tulimwita Chiriku, na surua ikamchukua tarehe 2 Juni 1952.

Dada hakuweza kushika brashi, kwa hiyo shemeji aliichukua picha ya mwisho ya mtoto akaipaka mwenyewe, akitaka kumfariji mkewe, na gauni akalitia buluu. Dada akapiga kelele mbele ya wafiwa wote kwamba gauni lilikuwa la manjano, alilishona kwa mikono yake, na baba gani husahau nguo ya mwanawe, na tangu siku hiyo, miaka kumi na minane, walikula chungu kimoja wakaishi kama wapangaji. Shemeji hakubisha hata mara moja.

Novemba iliyopita moyo wa dada ulianza kushindwa, akalazwa tarehe 11 Januari 1971, na huko wodini akanituma nimletee kisanduku chake cha kushonea, akatoa kipande kilichobaki cha kitambaa cha gauni lile, akakiri kwamba alikiona tangu 1963 na akakosa uso wa kusema, akaniagiza niseme mbele ya watu kwa kuwa alimlaumu mumewe mbele ya watu. Nilimsihi amwambie mwenyewe, akasema kesho, na kesho hiyo, Jumanne tarehe 9 Februari, alifariki alfajiri, shemeji akiwa bado njiani.

Tunamshukuru daktari na wauguzi, majirani waliotupikia, na wenzake waliofunga studio leo.

Dada, nimekutua mzigo wako, pumzika sasa. Shemeji, pokea kitambaa hiki, ni buluu, hukumsahau mwanao.