Kikao cha Jino la Mshenga

Kona ya mtaa wa Mchikichi na wa Swahili, pale Awadhi anapouza kahawa yake, kuna benchi moja linalobeba watu watatu na maneno ya soko zima. Asubuhi maduka ya vitenge yanafunguliwa, wasukuma mikokoteni wanafokea watu wapishe, na harufu ya tangawizi inashindana na harufu ya mtaro. Pale benchini hakuna jambo la dunia hii lisilo na mtaalamu wake. Vita vya nje vimesuluhishwa pale, timu za mpira zimepangwa upya, na figo za watu zimetibiwa kwa mdomo mtupu. Ukiuliza ni nani aliyewahi kupona, utaambiwa unywe kahawa yako kabla haijapoa.

Siku hiyo kilichokuwa kikaoni ni mdomo wa Khalfani.

Khalfani ni dalali wa vyumba kwa riziki na mshenga kwa kipaji. Kuanzia Ilala hadi Buguruni kuna ndoa chungu nzima zilizosimama kwa ulimi wake. Akikaa kitako kwenye mkeka wa wakwe, akasafisha koo, hata baba wa binti aliyeamka na gubu huanza kutikisa kichwa. Tatizo ni kwamba tangu Ramadhani iliyopita jino lake la mbele, la juu, halipo. Lilivunjikia kwenye kashata ya Awadhi, hapo hapo benchini, baada ya kufuturu. Beno, anayeuza vipuri vya magari Gerezani na kwa hiyo wakamwita Beno Spea, alilipokea kiganjani, akaligeuza geuza, akasema hilo suala dogo sana, gundi anayobandikia taa za mbele inatosha. Na Khalfani, mtu mzima mwenye wajukuu, akafungua mdomo abandikwe. Jino likakaa siku kadhaa kwa heshima zote, likaja kuachia Buguruni, katikati ya posa, mshenga anataja sifa za ukoo wa muoaji. Likadondokea kwenye sahani ya halua. Mama wa binti akaifunika ile sahani kwa kawa. Posa ile haijarudiwa mpaka leo.

Tangu hapo Khalfani hacheki mbele za watu. Akitoa salamu, pengo linapiga mluzi, watoto wa mtaani wanaitikia kwa mluzi. Anajifanya hajali, anataniana nao, lakini anaumia. Anaumia sana.

Sasa Shukuru, mtoto wa marehemu kaka yake, aliyemlea mwenyewe tangu hajui kuvaa viatu, anaoa. Posa inapelekwa Jumapili ya wiki ijayo. Shukuru hakusema neno baya. Alisema tu, kwa adabu zote, kwamba kama Baba Mdogo hajisikii vizuri, Mzee Abdulrazak yuko tayari kwenda kuwasemea. Usingizi ukamhama Khalfani. Abdulrazak yule, anayesema posani kama anasoma tangazo la msiba.

Mkewe, Mwanne, ndiye aliyemkokota mpaka kliniki ya meno kule Kisutu. Daktari Gaurav, kijana mpole, akamweleza taratibu kwamba atamwekea daraja. Atamchonga kidogo jino la kushoto na la kulia, achukue vipimo, halafu maabara wamtengenezee meno matatu yaliyoungana. Mawili ya pembeni yatavaa juu ya yale yaliyochongwa, la kati litakaa kwenye pengo. Kuchonga ni leo, saa nne asubuhi. Akikosa leo, maabara hawawahi Jumapili ile, na Abdulrazak anavaa kanzu.

Mtu mwenye akili angetoka nyumbani kwake akaenda moja kwa moja Kisutu. Khalfani alipitia benchini. Lakini usimlaumu haraka, maana kijiwe kile kina sheria: hakuna mwanachama anayekwenda hospitali kabla ugonjwa wake haujakaliwa kikao. Na sheria yenyewe aliitunga Khalfani, mwaka ule Ansbert alipopata ngiri. Kikao kikaamua ngiri haitaki kisu. Ansbert anatembea ameinamia upande mmoja mpaka kesho.

Ansbert huyu ni mtu wa Songea, alikuwa mlinzi wa reli mpaka alipostaafu, na jina lake la kijiweni ni Bunge, kwa sababu akianza kusema hakatishwi. Ila aliyefungua kikao alikuwa Beno Spea.

— Tuelewane kwanza. Limekosekana jino moja, si ndiyo? Sasa hayo mawili mazima yanachongwa kwa kosa gani? Mimi gari likija limepoteza nati moja, nikakate na nati za jirani zake? Mwenye gari atanipeleka polisi.

Khalfani aliipenda hoja hiyo papo hapo. Aliipenda kwa sababu ilikuwa karibu saa tatu na nusu, na miguu yake ilikuwa inatafuta sababu ya kutonyanyuka. Akaiongezea na yake: yeye kama mshenga hajawahi kuona binti akitoroka nyumbani halafu majirani wa kushoto na kulia ndio wanaoadhibiwa.

Beno akaona amekubalika, akapanda juu zaidi. Akasema meno yanayowekwa siku hizi mengi ni feki, ya Kichina, yanakaa miezi mitatu yanaanza kulegea. Mtu mjanja anasubiri kontena la Japani. Wajapani wanabadilisha meno mapema, la kwao hata likiwa limetumika bado liko fresh. Yeye ana mtu wake bandarini. Jino likija anaweza kulichomelea mwenyewe pale Gerezani, moto mdogo, Khalfani avumilie kidogo tu.

— Umesahau la gundi? akauliza Awadhi, huku anasuuza vikombe.

— Gundi haikuwa na tatizo. Tatizo alikenua mapema kabla haijakauka.

Awadhi mwenyewe hakuwa mtu wa kuaminika katika kesi ile, maana kashata ilikuwa yake na alijua ipo siku atatajwa. Kila akimimina kahawa alirudia kwamba jino lile lilikuwa na ufa tangu zamani, alikuwa anauona. Halafu akaja na swali lake zito. Siku Khalfani akifa, hayo meno ya kliniki yatakuwa ya nani? Waoshaji wayatoe au wayaache? Wakiyatoa, yanaingia kwenye mirathi? Na kama yanaingia, watoto saba wanagawanaje meno matatu? Khalfani akasema kwa sauti ya huzuni kwamba kweli, mtu hawezi kuachia familia mgogoro kwa sababu ya tamaa ya uzuri. Moyoni alikuwa anamshukuru Awadhi.

Ndipo Bunge akachukua nafasi. Akasema wenzake wanazungumzia mambo madogo. Jino la mbele, kwa wasiojua, limeunganishwa na kumbukumbu. Kwao Songea kuna mwalimu alichongwa mawili, akarudi nyumbani akamwita mkewe kwa jina la mkuu wa shule. Na hayo yote yalikuwa kabla ya treni ya umeme. Sasa hivi ndani ya hayo madaraja kuna chuma. Mtu akikatiza Gerezani, umeme wa treni unapita juu, chuma kiko mdomoni. Yeye amefanya kazi relini, haambiwi na mtu. Jamaa mmoja alikuwa anasikia matangazo ya stesheni kwenye taya, akikaribia Morogoro anajua kabla hajaambiwa.

— Kwa hiyo akienda kwenye posa, akasema Beno kwa wasiwasi wa kweli, katikati ya maneno anaweza kutangaza treni ya Dodoma.

— Sijasema lazima. Nasema inawezekana.

Khalfani akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeonyeshwa ukweli mchungu. Akasema basi, kikao kimesema, yeye ni nani apingane na wenzake. Akatoa simu mfukoni ampigie mhudumu wa kliniki kwamba amepata dharura. Kidole kilikuwa tayari juu ya namba. Alijua akibonyeza, Jumapili ya wiki ijayo atakaa nyuma, kwenye mkeka wa watazamaji, amsikilize Abdulrazak akimtaja marehemu kaka yake kwa sauti ile ya msiba. Na bado alitaka kubonyeza.

Wakati huo Zulekha alikuwa amesimama pembeni na chupa ya chai mkononi. Ni mgeni pale mtaani, amefungua duka la mashuka upande wa pili wa barabara, na alikuja kununua kahawa ya wateja wake wa jumla. Aliwaamkia wazee shikamooni, wakamwitikia marahaba bila kumtazama, akasubiri zamu yake, akasikiliza treni, mirathi na kontena la Japani. Chupa ilipojaa, akafunga kifuniko, akamgeukia Khalfani.

— Samahani, baba. Kwani unaogopa sindano?

Hakumkejeli. Aliuliza kama mtu anavyouliza duka fulani liko mtaa gani. Lakini benchi zima liliinamia vikombe. Beno akaanza kutafuta kitu chini ya benchi. Bunge, ambaye hakatishwi, alikuwa amekatika. Khalfani aliwaangalia mmoja mmoja akingoja wamtetee, na kwa mara ya kwanza akaona jambo ambalo miaka yote lilikuwa mbele yake: Beno hutafunia upande wa kulia tu, na Bunge kashata huichovya kwenye kahawa mpaka ilainike ndipo aile. Wote walikuwa waoga watupu, na yeye mwenyekiti wao.

— Naogopa, akasema. Naogopa sindano kuliko ninavyoogopa mambo mengi. Lakini, mwanangu, kaka yangu kaniachia mtoto mmoja tu. Siwezi kukubali mwingine aende kumsemea.

Zulekha akasema basi aende, saa nne haijafika, akavuka barabara na chupa yake. Khalfani akarudisha simu mfukoni, akasimama. Beno akasema atamsindikiza, asije akazirai Mnazi Mmoja watu wakamwibia viatu. Bunge naye akajikongoja nyuma yao kwa ule mwendo wake wa upande.

Njiani walirudisha ujasiri. Kufika Kisutu, Beno alikuwa ameshaahidi kumwonyesha daktari namna bora ya kushika tupa, na Bunge alikuwa na maswali matatu ya kitaalamu kuhusu chuma. Mlango wa kliniki ulipofunguliwa na ile harufu ikawapokea, wote wawili waligundua kwamba viti vya mapokezi ni vizuri sana kukalia. Khalfani akaingia peke yake, anasoma aya zote anazozijua. Kule ndani mashine ikaanza kulia. Beno alinong'ona kwamba ile ni grinda ndogo, halafu akaomba maji ya kunywa.

Khalfani alipotoka, mdomo wa juu ulikuwa umelala, na kwenye pengo kulikuwa na jino la muda, jeupe, wakati lenyewe linatengenezwa. Akasimama mbele ya wenzake, akajiweka sawa kama yuko mkekani, akajaribu salamu ya kuingilia posani. Ilitoka nzito, imekwenda mrama kama ya mtu aliyeamshwa usingizini, lakini haikupiga mluzi. Akairudia. Haikupiga mluzi tena. Machozi yalimlengalenga, akasema ni ile dawa ya ganzi.

Halafu wakaanza kucheka, kwanza Beno, halafu Bunge, halafu yeye mwenyewe na mdomo wake wa upande mmoja. Walicheka wamefungua vinywa vyote, wakasahau kabisa wako wapi. Muuguzi alikuwa amesimama mlangoni anavaa glavu mpya. Akainama kidogo, akaangalia kinywa cha Beno, akaangalia na cha Bunge, hakufurahishwa na alichokiona.

— Haya wazee, akasema. Nani anafuata?

Vinywa vikafungwa. Beno akamtazama Bunge, Bunge akaitazama feni ya darini, na kwa jambo hilo kijiwe kizima hakikuwa na mtaalamu.