Historia ya Mzee Funua, Baba Yetu

Ndugu, jamaa na majirani mliokuja kutushika mkono, baba yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Mzee Funua, alizaliwa tarehe 9 Machi 1958, mtoto wa tatu wa fundi seremala, akasoma shule ya msingi ya hapa hapa mtaani hadi mwaka 1972, kisha sekondari na chuo cha takwimu, alikomaliza mwaka 1980.

Mwaka huo huo aliajiriwa na halmashauri, katika chumba cha takwimu, kile cha mwisho wa korido chenye dirisha lisilofunga, akakaa humo mpaka alipostaafu mwaka 2018. Alifunga ndoa na mama yetu, mshonaji, tarehe 6 Juni 1987, wakajaliwa watoto watatu, mimi nikiwa kitinda mimba.

Wenzake wanakumbuka mwaka 2014, ilipotoka amri kwamba taarifa za ofisi ziwe wazi kwa wananchi, na kila idara ikaendelea kukalia zake. Baba hakugombana na mtu, alikata maboksi ya viatu, akachora kadi, akabuni mchezo wa kuwafundisha watumishi, ambamo meza ndiyo mji, kila mchezaji ana kadi za idara yake, na mji unapona kadi zikifunuliwa. Siku ya kwanza wote walizibana vifuani kama wacheza karata, mkuu wa idara ya maji akiwa na kadi ya bomba lililopasuka, muuguzi mkuu akiwa na kadi ya watoto wanaoharisha, nao wamekaa bega kwa bega, mpaka mji ukafa mezani. Mkuu wa maji akalalamika, "Mzee, mbona hukusema tufunue?" Baba akamjibu, "Kwani nani aliwakataza?" Wakacheka, jina la Mzee Funua likaanzia hapo, na wiki iliyofuata ramani ya mabomba mabovu ikabandikwa nje, ukutani, kila mtu aione.

Mwaka jana Baba alianza kukonda, tukimuuliza anasema ni joto tu. Jumapili tarehe 12 Januari 2025 nilikuwa nacheza naye mchezo ule sebuleni, Mama akiwa kwenye cherehani, akamwambia bila kuinua macho, "Mzee Funua, mbona kadi moja umeikalia?" Baba akatafuta mfukoni kadi yake ya hospitali, akaiweka wazi mbele ya Mama, akasema, "Mke wangu, hii si ya mchezo." Ilikuwa saratani ya tumbo, aliijua tangu Agosti.

Tangu siku hiyo hakuficha kitu, akiumwa alisema, akiogopa alisema, kaka zangu wakarudi nyumbani, tukamuuguza kwa zamu, akafariki Jumanne tarehe 3 Juni 2025, alfajiri, mkono wake ukiwa mkononi mwa Mama.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliotuchotea maji, na wafanyakazi wenzake, hasa mkuu wa maji, aliyekuja kila Jumamosi kucheza naye karata na kushindwa makusudi, na Baba alijua.

Baba, pumzika kwa amani, hakuna aliyebaki na kadi mkononi.