Aneth Alute Mughwai: Mikono Iliyokataa Kufungua

Marehemu Aneth alizaliwa Ikungi tarehe 3 Machi 1976, mtoto wa tatu wa Mzee Alute na Mama Klara. Katika nyumba ile mtoto hakujibizana na mkubwa. Aneth alilishika fundisho hilo, na ndilo lililokuja kumtesa.

Alihitimu chuo cha uuguzi mwaka 1998. Mwaka wake wa kwanza katika chumba cha upasuaji alimwona daktari mzee akishika taa isiyo safi kwa glavu za upasuaji, kisha akarudi kwenye kidonda bila kuzibadilisha. Aneth akanyamaza kwa heshima. Kidonda kilioza, mgonjwa akafariki. Hakujisamehe.

Desemba 2001 alifunga ndoa na Samweli Clement wa Kinampanda. Mashemeji walimtania kwamba bibi harusi huyu atawanawisha hadi kuku.

Juni 2019 Enock, mrina asali wa Mitundu, alianguka kutoka mtini akavunjika mgongo. Daktari bingwa alikuwa Singida kwa siku moja tu. Mgonjwa alikwishalala kwa dawa ya usingizi pale Aneth alipotazama utepe wa kifurushi cha vyuma vya kumwekea mgongoni. Mistari yake haikugeuka kuwa myeusi. Mvuke wa kuua vijidudu haukutosha.

“Sista, fungua! Miguu yake inakufa,” daktari alisema.

“Shikamoo, baba. Sifungui. Vyuma hivi vitakaa ndani yake. Vikiingia na uchafu, tumemzika.”

Akakiweka kifurushi kando. Vyuma vilirudishwa kwenye mvuke karibu saa nzima. Aneth aliitazama miguu ya Enock, akijua ikipooza lawama zote ni zake. Baada ya upasuaji kidonda kilikauka bila tone la usaha. Kuhusu miguu, ilibidi kusubiri.

Januari 2024 Aneth aligundulika kuwa na saratani. Wageni walinawa kwanza ndipo wakampa mkono. Hata mchungaji alirudishwa mlangoni kwenye ndoo. Alifariki nyumbani Mandewa, Jumanne tarehe 12 Agosti 2025, akiwa na miaka 49. Tumeumia sana.

Ameacha mume, watoto wawili, Fredrick na Janeth, na mjukuu mmoja.

Kaburi hili limechimbwa tangu alfajiri na Enock wa Mitundu. Vijana walitaka kumpokea jembe, akakataa. Yuko pale mbele yenu, amesimama kwa miguu yake.

Dada, pumzika kwa amani. Mikono yako ni safi.