Mlezi Anatafuta la Kusemewa

Benchi letu liko mkabala na lango la chuo, kati ya kibanda cha kinyozi na meza yangu ya kutengeneza simu, ufundi niliojifunza mwenyewe kwa kuharibu za kwangu kwanza. Mguu mmoja wa benchi umevunjika, tumeukalisha juu ya tofali. Akiinuka mmoja, wengine tunashika ukingo, la sivyo tunakwenda chini. Asubuhi ile kila saa aliyeinuka ni Mheshimiwa, mwanafunzi wa mwaka wa tatu, anautaka urais wa wanafunzi mpaka usingizi umemkimbia. Usaili ni mchana, na chuo kile kina desturi yake: hugombei mpaka uje na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza uliyekabidhiwa umlee, asimame mbele ya jopo aseme ulimsaidia nini.

KINYOZI: Tulia bwana, benchi linatutapisha! Kwani mtoto mwenyewe hayupo?

MHESHIMIWA: Yupo. Nimempigia, anakuja.

MIMI: Umemlea vipi?

MHESHIMIWA: Kiongozi halei kwa kushikana mikono, kaka. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Nikamwachia ulimwengu.

MIMI: Muhula mzima?

MHESHIMIWA: Nilikuwa na kampeni!

KINYOZI: Msimsakame. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Ingia, usiseme neno. Wakikuuliza, tazama dari. Watajua huyu ana mambo mazito.

MIMI: Watajua ana shingo mbovu.

MAMA BIRIKA (muuza kahawa wetu, akimimina): Mwanangu, wewe lia. Mpanda ngazi hushuka, basi shuka mapema, uanze na magoti. Nani atamnyima kura mtu anayelia?

KINYOZI: Magoti! Nimnyoe upara. Kichwa kinachong'aa hakipingwi. Na mtoto naye nimnyoe, jopo lione wamepikwa chungu kimoja.

MHESHIMIWA: Ni msichana.

KINYOZI: Ndiyo vizuri! Watashangaa, wasahau kuuliza.

Mheshimiwa akainuka tena kuchungulia barabara. Tukashika ukingo, lakini kahawa yangu ikaishia mapajani. Nikawaka.

MIMI: Wewe! Jina lake nani?

MHESHIMIWA: Nani?

MIMI: Huyo unayemlea!

MHESHIMIWA: Limo kwenye simu.

Alipoketi nikamnyang'anya simu. Alikuwa amemwandika "Mwaka wa Kwanza".

Hapo msichana akatokea, anahema, viatu vimejaa vumbi.

MSICHANA: Shikamooni. Kaka, samahani. Nilipotea tena, nikazunguka mpaka lango la nyuma.

MAMA BIRIKA: Marahaba, mwanangu. Kaa upumue.

Akakaa pembeni kabisa, mkoba mapajani, akamgeukia Mheshimiwa.

MSICHANA: Kaka, sitaki kukuangusha. Lakini wakiniuliza ulinisaidia nini, niseme nini?

Kinyozi akaanza kufuta mkasi uliokuwa safi. Mama Birika akainamisha birika kwenye kikombe, yakatoka machicha. Mimi, mtu wa kusema kweli usoni, nikajikuta naitazama simu ya watu kana kwamba imeletwa kutengenezwa. Msichana akangoja. Alikuwa anauliza kweli, si kwa dhihaka.

MHESHIMIWA: Sema... sema kwamba...

Akainuka. Sisi wazoefu tukashika ukingo.

Msichana akaenda chini, mkoba na yote. Habari ya tofali hakuna aliyemwambia.