Alikata Mtutu wa Bunduki ya Baba

Dada zangu, kabla sijaanza, mlioko mkono wangu wa kushoto sogeeni huku kulia. Sikio hilo halisikii. Sikuzaliwa hivi. Nilifanywa, na ndilo nililoombwa nikuelezeni leo.

Mume niliyeolewa naye alikuwa mtu wa ofisini, mpole mbele za watu, kanzu yake haina kunyanzi. Kila mwanamme na anachokipenda. Mwengine ngamia, mwengine magari ya mchangani. Yeye alipenda bunduki. Akizinunua kuukuu, za risasi na za marisau, vile vigololi vinavyotawanyika, akizipeleka stoo nyuma ya nyumba yetu ya Wattaya. Huko akiubana mtutu kwenye jiliwa, akiukata ukawa mfupi, kitako akikipiga msasa na kukitia mapambo ya fedha. Rafiki zake wakija wakipokezana bunduki kama mtoto mchanga, na mie nikiwapelekea kahawa na halua.

Akimaliza moja, alikuwa na mchezo. Nikiwa jikoni nimempa mgongo, anakuja pole pole na bunduki tupu, anaializa mtambo, tak!, karibu na kisogo changu. Kha! Mwili mzima unanistuka. Naye hatazami bunduki, ananitazama mie usoni. Kisha anacheka. Nawaambieni, nikicheka na mie. Nikidhani ndiyo mapenzi ya watu wengine.

Baba yangu alikuwa na bunduki ndefu ya marisau, aliyorithi. Harusi zote za kwao Qurayyat akiibeba, akicheza nayo mbele ya wanaume wenziwe. Mkono ulipoanza kumtetema, mume wangu akamwambia, nipe nikusafishie. Baba akampa kwa furaha.

Siku ya Idi, baada ya chakula, wageni wamejaa, mume wangu akaileta imefungwa kitambaa. Baba akafungua. Ilikuwa imekatwa, fupi kama mwiko wa pilau. Baba akaupapasa mtutu kwa kiganja mpaka ulipokomea, akarudia tena. "Nimeshukuru," alisema. Mume wangu akawageukia wageni, akawaambia sasa mzee ataiweza, haitomlemea. Wakacheka. Tangu siku ile, harusini, baba alisimama na fimbo.

Nilimuuliza mume wangu kwa nini. Akanijibu kuwa alitaka kuona mzee atafanya uso gani.

Haukupita muda akatuchukua, mie na mama yake, kutembea kwenye wadi, bonde la mto lenye mawe, huko huko Qurayyat. Tukatandika mkeka. Alikuja na bunduki nyengine aliyoikata, na nyinyi hamjui mtutu mfupi unavyolia. Niliinama namimina chai. Akaja nyuma yangu, akaufikisha mdomo wa bunduki ubavuni mwa sikio langu, akapiga hewani.

Sikusikia mlio, ndugu zangu. Nilisikia kama msumari umepita kichwani. Chai ya moto ikanimwagikia mkononi, nami siijui. Nilipoinua uso, yeye alikuwa ameshachutama mbele yangu, ananitazama, meno nje.

Hospitali, daktari alinikuta na damu sikioni, akauliza. Mie, kama nilivyozoea, nikasema nimeanguka. Mume wangu akaitikia kuwa kweli, nimeteleza kwenye mawe. Mama mkwe alikuwa amekaa pembeni. Akainuka, akaja kusimama upande ninaosikia.

"Hakuanguka," alisema. "Mwanangu kampigia bunduki sikioni kwa makusudi. Mwiteni polisi."

Mume wangu akamwambia, "Mama, unajua unalolisema?"

"Nimekuzaa mie. Najua."

Polisi walizichukua bunduki zote, naye akafungwa. Mie nikapata talaka yangu. Lakini kwa mama mkwe aliyesema kweli, huruma msiitafute. Mabinti zake mwenyewe walimwambia kuwa amemuuza ndugu yao kwa ajili ya mtoto wa watu. Mjukuu wake akaolewa bila ya yeye kualikwa. Alisikia kwa jirani. Nikamchukua, nakaa naye mpaka leo.

Mume yule ameshatoka. Anawaambia watu ulikuwa mzaha.

Daktari yule namshukuru kwa kuuliza. Nyinyi nakushukuruni, mlionifunza kusoma midomo na kutoona haya kusema, "Rudia, sikusikia." Na kwa dada aliye kama nilivyokuwa nna maneno haya tu: anayekutazama usoni aone kama umestuka, keshajua kuwa inauma. Usimngojee ajue.

Mama mkwe hayupo leo. Kaenda tena kwa mwanawe na mkate wa ufuta. Mwanawe hamfungulii mlango, mama huuacha mkate kizingitini akarudi, na safari iliyopita aliukuta ule wa kabla umejaa sisimizi. Nimemkataza, hakatazwi. Basi atakaporudi mkamuona, msinisifu mie. Mpeni yeye mkono.