Dada Yangu Verna na Koo Lililokauka Nashville

Mchungaji, ndugu, jamaa na majirani, familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha ya mpendwa wetu Verna Crabtree Beaty, mimi Nadine, mdogo wake wa pekee, na naomba mnivumilie, kwa kuwa mahali pamoja nitasoma jambo ambalo hata watoto wake hawalijui.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1944 hapa Jamestown, Tennessee, akiwa binti wa kwanza wa marehemu Alvis Crabtree, mkulima wa tumbaku, na marehemu Icie, akasoma shule zetu za hapahapa na kumaliza sekondari Mei 1962, na tangu akiwa na miaka kumi aliimba nami katika kanisa hili, yeye sauti ya kwanza, mimi ya pili, na kila Jumamosi tulibanana kwenye redio ya baba tukiwasikiliza waimbaji wa muziki wa kantri kutoka ule ukumbi mkongwe wa Nashville, ambao baba aliuheshimu karibu sawa na nyumba ya Mungu.

Mwaka 1964 mtu wa redio alitusikia kwenye maonyesho ya wilaya, akatuita tukajaribiwe katika ukumbi uleule, baba akaazima gari la mchungaji na kutupeleka Jumamosi tarehe 17 Oktoba, yeye akabaki garini. Mnachojua nyote ni kwamba Verna alipofika mlangoni koo lilimkauka, tukarudi bila kuimba, na baba, Mungu amrehemu, hakumsamehe, kila aliyemwuliza habari za mabinti zake alimjibu, "Huyo mkubwa akiona watu anageuka bubu," akasema hivyo mpaka kufa kwake mwaka 1981. Ndugu zangu, si kweli. Koo lililokauka lilikuwa langu, mimi ndiye niliyeshika fremu ya mlango nikasema siwezi, na Verna alinitangulia garini akasema, "Baba, ni mimi, sauti imenikimbia," nami nikanyamaza, nikanyamaza miaka hamsini na nne.

Tarehe 12 Juni 1965 alifunga ndoa na Doyle Beaty, dereva wa lori la magogo, wakajaliwa watoto wawili, Randall na Teresa, na baadaye wajukuu watano, akashona kola za mashati kiwandani kwa miaka thelathini na mmoja, bila kukosa kazi isipokuwa wiki aliyomzika Doyle mwaka 1994. Humu kanisani hakusimama tena mbele kuimba, aliimba akiwa benchi la nyuma, kwa kuwa baba alikaa la mbele.

Mwaka 2016 mapafu yake yalianza kuugua, na Septemba 2018, alipoona hali haiendi vizuri, aliniambia, "Nadine, nipeleke nikauone ule ukumbi ndani, maana mlango wake naujua." Tukaenda Jumanne tarehe 18, nikimkokotea mtungi wake wa hewa, tukakaa kwenye mabenchi yale ya mbao kama haya mliyokalia. Pale wageni hupandishwa jukwaani kupigwa picha mbele ya kipaza sauti, na zamu yetu ilipofika nilishika ukingo wa ngazi nisipande, naye akamwambia binti wa picha, "Mvumilie mdogo wangu, mama, huyu akifika hapa huwa anaugua ghafla."

Nililia palepale, nikamwuliza kwa nini hakunisema kwa baba, akajibu, "Baba angekusimanga mpaka ukonde. Mimi akinisimanga nalala usingizi wangu." Hakuwa akilala, najua, tulilala kitanda kimoja mpaka alipoolewa. Kisha akanivuta tukapanda, akaanza ubeti wa kwanza wa wimbo wetu, ule tuliokuwa tuuimbe mwaka 1964, pumzi ikamkatikia kwenye neno la tatu, akaniashiria niendelee, nami nikashindwa kwa mara ya pili, na kwa kuwa watu walikuwa kwenye foleni, tukashuka.

Verna alifariki hospitalini Cookeville tarehe 4 Februari 2019, saa tisa alasiri, akiwa na miaka sabini na minne, Teresa akiwa amemshika mkono.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kuchoka, majirani mlioleta maharage, mkate wa mahindi na kuku wa kukaanga mpaka meza ikakosa nafasi, na wenzake wa kiwandani, ambao naona mmevaa mashati mliyoshona naye.

Utaratibu unasema nikimaliza kusoma nikae, lakini sitakaa. Nitauimba ule wimbo, sauti ya pili peke yake, na mnaojua kuimba mnajua kwamba sauti ya pili peke yake haipendezi, mtasikia kuna kitu kimekosekana, na kweli kimekosekana. Pumzika kwa amani, dada yangu, leo naanza mimi.