Saa ya Mzee Owiti

Marehemu Mzee Elisha Owiti Okumu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 huko Seme, Kisumu, akasoma hapo nyumbani hadi darasa la saba mwaka 1966, kisha akaja Nairobi, na tarehe 3 Julai 1972 akaajiriwa na shirika la reli kuwa fundi wa saa. Kila Jumatatu, hadi alipostaafu mwaka 2006, alipanda treni kwenda Nakuru na saa yake ya mfukoni aliyoilinganisha na ile ya stesheni ya Nairobi, akirekebisha saa za stesheni zote za njiani.

Tarehe 18 Desemba 1976 alimwoa Mama Rosa Amolo, wakajaliwa watoto wawili, Okumu na Awiti, wakaishi Buruburu, ambako kila Jumapili baada ya ibada majirani walimletea saa zao azilinganishe na yake.

Krismasi ya mwaka 2019, Awiti, aliyekuwa akisomea fizikia chuo kikuu, alimwambia mbele ya wenzake wa reli, "Baba, saa inayosafiri huenda polepole kuliko iliyobaki stesheni, kwa hiyo yako haijawahi kufika Nakuru na saa kamili." Mzee akacheka, akasema, "Kumbe nimewadanganya abiria miaka thelathini na minne!" Wageni wakacheka naye, lakini tangu siku hiyo hakugusa tena saa ya jirani, akisema mkono umechoka.

Awiti alilijua hilo Februari mwaka huu tu, alipoambiwa na jirani, Mama Nthenya, akaahidi kuja Jumamosi ya tarehe 9 Machi amweleze baba yake alichoacha kukisema siku ile, kwamba kosa la mwendo katika safari zake zote, likijumlishwa, halifiki sehemu moja ya milioni ya sekunde. Tarehe 3 Machi Mzee akapatwa na kiharusi, na maneno hayakumwingia tena. Awiti alimweleza hata hivyo, kila siku.

Alifariki Jumanne, tarehe 11 Juni 2024, saa nne na dakika arobaini na mbili asubuhi kwa saa ya wodi, na arobaini na sita kwa saa yake mwenyewe. Familia imeandika arobaini na sita.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, wenzake wa reli, na majirani wa Buruburu, ambao tunawaomba wajue kwamba saa alizowawekea zilikuwa sahihi.

Pumzika kwa amani, Baba, hukumdanganya mtu.